Mjadala: Je, timu ndogo ya wasanidi programu inahitaji mjaribu wake?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani inadai kwamba timu ya wasanidi wanne au watano, inayotoa toleo jipya kila baada ya wiki mbili, haina haja ya mjaribu, yaani mtu wa kuitafutia programu kasoro kabla haijatoka, kwa kuwa kila msanidi anaweza kuikagua kazi yake mwenyewe. Wanaoitetea hukimbilia mwongozo wa mwaka 2020 wa Scrum, mfumo wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi, ambao kweli hautaji cheo hicho. Lakini mwongozo huohuo unawabebesha wasanidi jukumu la ubora, na kutotajwa kwa cheo hakufuti kazi yenyewe.

Mimi naipinga hoja hii nusu. Tuliwahi kuwa wanne tukitengeneza programu ya kulipia madeni ya duka kwa simu, na majaribio yote ya kiotomatiki yalipita. Siku ya kwanza tu, mteja alibonyeza "Lipa", akaona mtandao unasuasua, akabonyeza tena, akakatwa fedha mara mbili. Mwingine aliyeandika namba yake kwa kuanza na +255 badala ya 0 alisajiliwa kama mtu mpya, deni lake la zamani likabaki linaning'inia. Aliyeandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, ndiye aliyeandika majaribio, na mezani pake mtandao haukuwahi kukatika. (Dada wa mapokezi, tulipompa simu baadaye, alizikuta kasoro nyingine tatu kabla ya chai ya saa nne.)

Mshahara wa mtu wa tano si jambo dogo kwa kampuni changa, wala sisemi kila timu imwajiri. Ninachokataa ni mwandishi wa msimbo kuwa ndiye wa mwisho kuuidhinisha. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, tarehe 1 Agosti 2012 iliacha seva moja kati ya nane bila msimbo mpya, na hakuna fundi wa pili aliyepitia kazi ile. Ndani ya dakika 45 hivi hasara ilizidi dola milioni 400. Basi mwenzako akukagulie, tena kwenye simu ya bei nafuu, na saa za ukaguzi zihesabiwe tangu awamu ya wiki mbili inapopangwa, zisingoje masalio ya Ijumaa jioni.

Kwa mnaoitetea hoja nina swali moja: kwenye timu yenu, nani ana mamlaka ya kuzuia toleo lisitoke, na mara ya mwisho alilizuia lini?