Lango la Bailey, Castle Acre: je, linastahili safari?

Msafiri:
Ndugu zangu, mwezi ujao nitakuwa King's Lynn, Norfolk, nikiwa na alasiri moja tu isiyo na shughuli. Nimesikia kwamba katika kijiji cha Castle Acre, Uingereza, kuna lango la zama za kati ambalo magari yangali yakipita chini yake. Je, inafaa kufunga safari kwa ajili ya lango peke yake, na mtu aangalie nini akifika?

Mwashi:
Ukilipita kama wanavyolipita wenye magari, utalimaliza kwa nusu dakika. Ukisimama, utasahau saa. Lilijengwa mnamo mwaka 1200 hivi, si kwa ajili ya ngome yenyewe, bali kwa ajili ya mji mdogo uliozungushiwa boma kando ya ngome ya ukoo wa de Warenne, na ndiyo maana leo limebanana na nyumba za watu. Minara yake miwili ya mviringo ni ya gumegume, jiwe lile lile lililoipa jina bunduki ya kale. Gumegume hukataa kuchongwa likawa na pembe nzuri, kwa hiyo waashi walilipanga ndani ya chokaa nyingi, wakaweka mawe ya kuchongwa pale tu palipohitaji umbo kamili, kama vile kwenye tao. Ingia chini ya tao hilo uzitazame kuta za pande zote mbili: utaona mfuo wima ambamo lango zito la fito lilikuwa likiteremshwa kutoka juu. Mimi hupapasa mfuo huo kila niendapo.

Mpita Njia:
Upapase, lakini sikiliza magari, maana njia ile haipitishi mawili kwa pamoja. Tena usilichanganye na lango la monasteri ya watawa wa Cluny (shirika la watawa wa Kikristo), upande wa magharibi wa kijiji, ambalo ni la karne ya 16 na lina matofali. Huko hulipiwa kiingilio. Lango la Bailey na magofu ya ngome ni bure.

Msafiri:
Ahsanteni. Na asiye na gari?

Mpita Njia:
Kijijini hakuna reli. Mji wa karibu ni Swaffham, kusini, kiasi cha kilomita 6. Kwa alasiri moja, kodi teksi.