Randi 200 kabla hujapata hata uniti moja: ni haki au uonevu?

Mtoa mada:
Wadau, naleta habari ya Johannesburg, ila mkiisoma mtaona inatugusa na sisi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Lile jiji lina shirika lake la umeme, City Power. Linanunua umeme kwa jumla, sehemu kubwa kutoka Eskom, shirika la umeme la taifa la Afrika Kusini, kisha linawauzia wakazi. Julai 2024 lilianza kuwakata wateja wa malipo ya kabla randi 200 kila mwezi; ukiweka na VAT inakuwa 230. Humo ndani 70 ni ada ya huduma, 130 ni ada ya kuwekewa nafasi kwenye mtandao wa nyaya. Ukinunua mara ya kwanza ndani ya mwezi wanachukua chao kwanza, kinachobaki ndicho kinakuwa uniti.

Pigeni hesabu. Mwenye randi 300 za mwezi alikuwa anabaki na 70 ya kununulia umeme. Anayenunua wa 2,000 hakushtuka hata kidogo. Sikatai ada ya waya kuwepo. Ninachokataa ni mwenye balbu mbili na pasi kutozwa sawasawa na mwenye bwawa la kuogelea linalozungushwa kwa pampu usiku kucha. Karibuni kwa hoja.

Fundi Nguzo:
Mkuu, mada nzuri, ila umeanzia katikati. Nguzo, transfoma, gari la dharura na mafundi wa usiku vinakula pesa hata kama nchi nzima imelala taa zimezimwa. Wateja wanaolipa bili mwisho wa mwezi walikuwa wakilipa ada za namna hiyo miaka yote, tena kubwa kuliko hizo 200. Wa malipo ya kabla walikuwa hawalipi kitu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Miaka ile ya mgao, wenye uwezo walijaza paneli za sola na betri juu ya mapaa. Uniti wanazonunua zimepungua sana, lakini waya wa jiji hawajaukata. Wanauweka wa akiba, siku ya mawingu waurudie. Kama gharama yote ya mtandao imefichwa ndani ya bei ya uniti, nani anaibeba? Ni yule asiye na sola. Kwa hiyo ada ya mwezi, ukiitazama vizuri, inaweza kumlinda huyohuyo unayemtetea.

Na jiji halikuwa na hali nzuri. Novemba 2024 Eskom ilitangaza kwamba inalidai takriban randi bilioni 4.9, ikatishia hadi kulikatia umeme. Pesa itoke wapi?

Bibi Karanga:
Itoke kwa wadaiwa sugu! Sisi tunalipa kabla ya kuwasha, halafu deni la waliowasha bila kulipa tunagawiwa sisi. Kweli mnyonge hana haki.

Msomaji wa Mbeya:
Fundi umeeleza vizuri, nimekuelewa, ila nakumbusha kitu kimoja. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Jina lenyewe ni ahadi. Hapa kwetu TANESCO ilikuwa ikitoza sevisi chaji ya shilingi 5,520 kwa mwezi, ikaondolewa Aprili 2016, na watu walishangilia kweli. Tukakaa miaka mitano tu. Agosti 2021 serikali ikaingiza kodi ya jengo kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Jengo la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji aliyekwenda kununua umeme, kisha ndiyo aanze kumkumbusha baba mwenye nyumba amrudishie. Wapo wanaorudishiwa, Mungu awabariki.

Ninachotaka kusema ni kwamba mita ikishageuzwa kuwa mlango wa kukusanyia pesa, kila mwenye shida ya mapato atapita hapohapo.

Dada wa Jozi:
Jamani, niwaongezee ya huku maana naishi hapa. Msamaha wa ile ada upo, kwa wateja wa kipato cha chini waliojiandikisha na jiji. Tatizo ni kujiandikisha. Chukua ua mmoja wenye vyumba vitano vya uani na mita moja. Mwenye mita ana jina, wapangaji watano hawana jina popote. Tena bei hupanda kwa ngazi: ukivuka uniti 350 kwa mwezi, kila uniti inayofuata ni ghali zaidi. Familia tano kwenye mita moja zinavuka mapema, zinahesabiwa kama tajiri mmoja.

Na kuna kichekesho. Soweto na sehemu kubwa ya Sandton wanahudumiwa na Eskom moja kwa moja. Jiji ni lilelile, mtaa wa pili tu, ada hiyo haiwahusu. Mtu anaweza kuhama kwa ajili ya hilo!

Msomaji wa Mbeya:
Hayo ya mita moja ni yetu kabisa, dada. Huku ukizoea kuvuka uniti 75 kwa mwezi unatolewa kwenye tarifu ndogo, yaani bei ya chini ya watumiaji wadogo, na nyumba ya kupanga ya vyumba sita haiwezi kubaki chini ya 75 hata mlale na jua.

Mtoa mada:
Fundi, hoja ya sola umenishinda, naikubali. Lakini inathibitisha kwamba ada iende kwa ukubwa wa njia ya umeme mtu aliyotengewa, isiende kwa kichwa. Eskom wenyewe wana tarifu ya wateja wadogo wa ampea 20, ambayo haina ada ya mwezi. Unalipia uniti tu. Kwa nini jiji lisifuate? Mwenye breka (swichi inayokata umeme ukizidi kiwango) ya 20 asilipe, wa 60 alipe, wa 80 alipe zaidi, awe na sola au asiwe nayo. Kumbukeni pia kwamba Julai 2025 jiji lenyewe liliishusha ile ada hadi randi 70, baada ya kelele nyingi. Kama 200 ndiyo ilikuwa gharama halisi ya waya, hizo 130 zimeyeyukia wapi?

Fundi Nguzo:
Kwenye 130 sina jibu, mkuu. Kwenye ampea ninalo swali. Breka ni kitu cha dukani. Kishoka, fundi wa mtaani asiye na kibali, anakuja saa mbili usiku, anatoa ya 20 anaweka ya 60, dakika kumi kazi imekwisha, na kwenye kitabu wewe bado ni mteja mdogo. Nani atapita nyumba kwa nyumba kufungua masanduku ya mita, na mshahara wake utawekwa kwenye ada ya nani?