Yule bwana wa kaunda suti leo kanivua nguo kijiweni

Mchambuzi wa Makole:

Wakuu, salamu sina. Nimetoka kijiwe cha kahawa sasa hivi, mikono inatetemeka. Mnamjua. Hakuna mtu wa Dodoma asiyemjua: kaunda suti ya kijivu, benchi la kivulini kalikalia kama ana hati yake, "nilipokuwa serikalini" kila baada ya sentensi mbili na kitengo hakitaji. Jina silisemi.

Nilikuwa natoa mada kistaarabu kabisa. Jamani, Tuvalu, kile kinchi cha visiwa cha Pasifiki, wamepiga kura tarehe 26 Januari 2024, na aliyekuwa waziri mkuu wao Kausea Natano kaangukia jimboni kwake, Funafuti, makao makuu penyewe! Usiseme chama kimemponza, kule vyama hakuna. Kaanguka yeye kama yeye. Watu wameacha kupuliza vikombe, wananisikiliza mimi.

Akaingilia. "Bunge lina wabunge wangapi?" Nikamjibu 16, majimbo manane, kila jimbo wawili. "Na watu?" Elfu kumi na moja hivi. Basi akazamisha mkono mfukoni, taratibu, akatoa sarafu ya mia tano, akamrushia muuza kahawa: "Mpe kijana kikombe kingine na kashata, nalipa mimi. Hiyo siyo nchi, hiyo ni Nkuhungu imeingiliwa na bahari."

NALIPA MIMI! Kijana! Mimi nina mtoto kidato cha pili! Kile kicheko wamekisikia mpaka Chamwino. Kuna mzee meno ya bandia yametumbukia kwenye kikombe, akayaokota, akaendelea kucheka. Na dada wa vocha alikuwepo.

Utamu wenyewe sijaufikia hata. Kwamba wabunge wa visiwa vya mbali walikwama kwa hali mbaya ya hewa, boti haziwezi kuwafikisha Funafuti, nchi ikasubiri wiki kadhaa bila waziri mkuu mpya. Kwamba Nauru, kisiwa kingine cha Pasifiki, katikati ya Januari hiyo hiyo waliuacha ubalozi wa Taiwan wakaenda China, dunia ikawa inawakodolea macho Tuvalu, nao marafiki wa Taiwan. Kwamba mwishoni mwa Februari 2024 wabunge walimpitisha Feleti Teo, aliyekuwa mwanasheria mkuu, awe waziri mkuu, bila mpinzani. Yote nimerudi nayo nyumbani. Mtu ananirushia mia tano!

Mgogo Asiyeghafilika:
Swali moja tu mkuu. Kahawa uliinywa?

Mchambuzi wa Makole:
Hilo ndilo ulilosoma?

Binti Kizota:
Jibu swali kaka, usizunguke.

Mchambuzi wa Makole:
Sijainywa. Kashata nimemchukulia mtoto.

Mgogo Asiyeghafilika:
Hahahaaa! Mada imekufa, kashata imefika salama.

Zabibu Kavu:
Mkuu usiwasikilize. Hao Tuvalu ndio wenye ile ".tv" ya mwisho wa anwani za mitandao, wanaikodisha wanavuna mamilioni ya dola. Kata gani ya hapa ina biashara hiyo? Halafu yule Simon Kofe, waziri wao wa mambo ya nje wakati ule, aliyehutubia mkutano wa tabianchi 2021 kwa video kasimama baharini na suti, maji magotini, karudi bungeni?

Mchambuzi wa Makole:
Karudi, tena Funafuti hiyo hiyo aliyoangukia Natano. Asante, angalau mtu mmoja ana akili. Sasa fikiria unataka kuelezea hilo, mtu anazamisha mkono mfukoni TARATIBU...

Mkazi wa Nkuhungu:
Samahani, sisi tumeingiaje humu? Bahari ije hata kesho, tutafulia. Bomba linatoa maji saa nane usiku, tena yana rangi ya chai.

Binti Kizota:
Wewe unayapata saa nane? Shukuru. Huku ndoo tunapanga foleni na majirani hatusalimiani.

Babu wa Area C:
Huyo bwana namfahamu, mwaka jana alinishauri nihamishe choo changu. Choo! Lakini afadhali yeye kuliko mwenye nyumba wangu wa zamani wa Chang'ombe, aliyefunga koki kwa kufuli akawa anatufungulia baada ya kuoga yeye, mkewe na gari lake.

Mgogo Asiyeghafilika:
Gari linaoga kabla ya wapangaji?

Babu wa Area C:
Kwa sabuni ya unga. Sisi na watoto tumejipanga na madumu, tunaliangalia linasuguliwa ringi moja moja.

Mchambuzi wa Makole:
Wakuu, turudi kwenye ile mia tano.

Zabibu Kavu:
Wangu mimi alizima umeme wa nyumba nzima kisa nimepiga pasi mchana.

Mkazi wa Nkuhungu:
Babu, hicho chumba cha Chang'ombe ulichohama kimeshapata mtu? Ni masta au choo cha nje?