Spana ya toki ya bei nafuu: nitajuaje kama inasema kweli?

BintiBombo
Salaam wakubwa. Mwezi uliopita nilipata pancha usiku karibu na Matugga, mimi na watoto wawili kwenye Toyota Wish yangu. Nati nne zilitoka kwa taabu. Ya tano nilipanda juu ya wili spana kwa miguu yote miwili, ikalia "ta!", nikashukuru nikidhani imelegea. Kumbe stadi, ile bolti inayoshika nati, imekatika. Kipande kilibaki ndani ya soketi pamoja na nati, kimevunjika chembechembe kama sukari guru. Kijana aliyenifungia tairi wiki mbili kabla alikaza kwa mashine ya upepo, halafu akachomeka bomba kwenye spana akaongeza tena.

Tangu siku hiyo tairi zangu nakaza mwenyewe. Kisekka, soko la vipuri Kampala, nimeona spana za toki, yaani za kupima nguvu ya kukaza, zile zinazolia "klik" nguvu uliyoiweka ikifika, kwa shilingi 150,000. Za majina makubwa sina uwezo nazo. Ya bei hiyo naweza kuiamini? Nataka niitumie na kwenye plagi za injini pia.

FundiKatwe
Pole sana dada, wewe na watoto. Nunua. Nati za Wish zinakazwa Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na spana ya nusu inchi yenye kipimo cha 40 hadi 210 hapo iko katikati ya uwezo wake. Hizi za klik hukosea zaidi karibu na mwanzo wa kipimo. Hata ikikosea kwa asilimia 5, nati zote tano zitakuwa zimekazwa sawa, na hilo ndilo bomba la yule kijana haliwezi.

Plagi usiziguse kwa spana hiyo, nakuomba. Zinataka Nm 20 hivi, na hiyo haifiki huko chini. Utaendelea kuvuta ukisubiri klik, nyuzi za silinda hedi zikatike, na hedi ni alumini. Tafuta ndogo ya inchi 3/8 baadaye.

MzeeWaSpana
Binti yangu, mimi nina ile ya mshale, miaka mingi sasa. Haina springi ya kuchoka. Mshale ukikaa kwenye sifuri kabla hujaanza, iko sawa; usipokaa, unaukunja taratibu mpaka urudi. Lazima tu uusome ukiwa juu yake moja kwa moja. Ukiutazama kwa upande unasoma namba nyingine.

KijanaMbale
Paka grisi kwenye stadi, hazitang'ang'ania tena.

FundiKatwe
Hapana kaka. Ile 103 ni ya nyuzi kavu na safi. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano. Ukipaka grisi msuguano unapungua, na kwa klik ileile stadi inavutwa kupita kiasi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, inatosha.

MamaMizani
Dada, usiamini karatasi iliyo ndani ya boksi. Ipime mwenyewe kwa jerikani ya maji. Nilifanya hivi na ya kwangu.

Bana ile pembe nne ya spana, ncha inayoingia kwenye soketi, kwenye jiliwa, mpini ulale sawa na ardhi, na ukiwa nyuma ya kichwa chake mpini uelekee kulia kwako, ili uzito uvute upande wa kukaza. Pima kutoka katikati ya pembe nne hadi katikati ya mshikio. Jaza jerikani, kisha ipeleke kwenye mizani yenye stika ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, maana ile ya lita 20 ukiijaza hadi mdomoni inapita 20. Kilo mara 9.81 mara umbali kwa mita, hiyo ndiyo Nm. Itundike kwa kamba katikati ya mshikio na uiachie polepole, isibembee. Anza na namba ya chini, panda kidogo kidogo mpaka iache kulia.

BintiBombo
Nimenunua, na nimepima jana kwa fundi wa madirisha hapa mtaani. Jerikani kilo 21.4, umbali sentimita 42. Inatoka Nm 88, na uzito wa spana yenyewe nimeukadiria unaongeza Nm 3, kwa hiyo 91. Kwenye 80 imelia, 85 imelia, 90 imelia. Kwenye 95 kimya. Nilirudia mara tatu, ikajibu vilevile. Mama, asante sana, mikono ilikuwa inanitetemeka kwa furaha!

MamaMizani
Hiyo ni nzuri kabisa! Usiitumie kulegeza nati. Ikilia mara moja acha, usiongezee. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini ya kipimo, lakini usiilegeze kupita hapo.

MzeeWaSpana
Na ukaze kwa kuvuka, nati moja kisha ya upande wa pili, kwanza nusu ya nguvu, halafu 103 tairi likiwa limegusa ardhi. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, pitia tena.

BintiBombo
Sawa mzee. Stadi mpya imeshafungwa. Jumamosi natoa tairi zote nne na kuanza upya, la nyuma kushoto kwanza.