Mtunzi kaweka kimya, sisi tumeweka ngoma. Ni sawa?

Wanakwaya na walimu wa kwaya wa Dodoma, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya.

Kwaresima iliyopita tulijifunza wimbo wa mateso. Mtunzi kauandika kwa solfa (do, re, mi), sauti nne, na juu kaweka maneno "polepole, kwa huzuni". Baada ya "akakata roho" kaacha mapigo manne ya kimya, hata kinanda kisisikike. Mara ya kwanza tulipofika pale mazoezini, mama mmoja wa sauti ya pili aliibana karatasi kifuani, akasahau kufungua ukurasa.

Siku ya ibada mpiga kinanda akaona hapo ni pengo. Akajaza ngoma za kinanda, kasi akaipandisha. Watu wakapiga makofi. Niliumia kweli.

Kuna usemi kwamba wimbo ukishatoka kwa mtunzi ni wa anayeuimba. Siukubali. Kasi ibadilike kidogo, sawa, maana kwaya ya watu 15 na ya watu 60 hazivuti pumzi sawa. Kuanzia chini ili soprano wasikwaruze, sawa pia. Ila kile kimya kimetungwa, kama nota zilivyotungwa. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa. Mnasemaje?

Jibu kutoka Chamwino:

Pole ndugu. Ila sisi Wagogo tumekulia kwenye muziki usio na karatasi. Mwanzishaji anatoa mstari, waitikiaji wanaupokea kila mmoja na njia yake, na akina mama wenye ngoma za muheme katikati ya mapaja ndio wanaojua moto uwashwe saa ngapi. Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alitoka na zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ala za kwetu, na mwaka 2002 akatoa albamu na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada. Nani atasema ule si Ugogo? Enoch Sontonga naye alitunga wimbo wake Afrika Kusini mwaka 1897, leo melodi yake ndiyo wimbo wetu wa taifa, inaimbwa bungeni hapahapa Dodoma kwa maneno yetu. Tumemkosea?

Mwanzisha mada:

Hapo kwenye muheme umenigusa, maana karatasi haisemi kila kitu. Lakini yule mama anawasikiliza waimbaji ndipo anapiga. Zawose alibadilisha muziki alioujua toka utotoni. Mpiga kinanda wetu hakuwahi kuufungua ule ukurasa. Na kwenye wimbo wa taifa hatumwambii mtu kwamba maneno yale ni ya Sontonga, ilhali sisi siku ile tulitangaza jina la mtunzi, kisha tukaimba asichoandika. Tungesema "mpangilio ni wetu", nisingelalamika hivi.

Wapiga vinanda, mpo? Mkikuta kimya kwenye karatasi, ni nini kinachowafanya mshindwe kukiacha?