Dredinoti au OM? Napiga kwa vidole na kuimba, nisaidieni kuchagua

Vidole_Vitupu: Wakuu, salaam. Natafuta gitaa la akustiki la nyuzi za chuma na nimebaki na mawili. Moja ni dredinoti, lile umbo kubwa lenye mwili mnene, uso (ubao wa mbele) wa mbao ya sprusi, mgongo na mbavu za mbao ya rozwudi. Jingine ni OM, umbo dogo kidogo, uso wa mwerezi, mgongo wa mahogani. Napiga kwa vidole, pleki (kile kiplastiki cha kucharazia) naigusa mara chache, na sauti yangu ya kuimba ni nzito. Lipi litanifaa?

Besi_Nzito: Dredinoti, wala usijiulize. Kampuni ya magitaa ya Martin walianza kuunda umbo hilo mwaka 1916, na hadi leo kila kiwanda kinaliiga. Ukicharaza kodi (noti kadhaa kwa pamoja), chumba kizima kinajaa. Hata ukikaza mkono, sauti haivurugiki. Rozwudi nayo inaongeza besi na mwangwi mrefu.

Mpiga_Solo: Mkuu, hapo umemjibu mtu anayecharaza kwa pleki. Huyu anapiga kwa vidole na anaimba kwa sauti nzito. Besi ya dredinoti itagombania nafasi na koo lake, maneno yamezwe. OM, ambalo Martin hao hao walilitoa mwaka 1929, lina kiuno chembamba na besi ya kiasi, kwa hiyo kila uzi unasikika peke yake. Mwerezi ni mbao laini, ukiugusa tu unaitika. Sprusi inataka nguvu zaidi ndipo ifunguke. Ubaya wa mwerezi ni kwamba ukipiga kwa nguvu sauti inafika mwisho mapema, tena unachubuka hata kwa kucha.

Bi_Nyuzi: Mnabishana mbao, shingo mmeisahau! Pima upana wake pale nyuzi zinapoingia kichwani. Dredinoti nyingi zina milimita 43 hivi, OM nyingi zina 44.5. Inaonekana ndogo, lakini kwa mpiga vidole hiyo milimita moja na nusu ndiyo inayokuokoa usiguse uzi wa jirani. Halafu dredinoti ni nene. Kama mwili wako ni mdogo, bega la mkono wa kulia litapanda juu muda wote unapopiga.

Fundi_Shingo: Kabla ya kuuliza ni mti gani, hakikisha uso ni mbao nzima na si plaiwudi. Chungulia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ya juu ikishuka bila kukatika hadi upande wa ndani, ni mbao nzima. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Sehemu kubwa ya sauti inatoka kwenye uso, mgongo unaikoleza tu. Kisha nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), pima nafasi iliyo chini ya uzi mnene. Milimita 2.5 hivi ni nzuri. Ikifika 4, vidole vitateseka. Mara nyingi kuchonga kitandiko cha nyuzi pale kwenye daraja (kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi) kunamaliza tatizo, ila kama kiungo cha shingo kimelegea, liache. Kulirekebisha ni ghali.

Vidole_Vitupu: Asanteni sana. Nyuzi zinazoanzia unene wa inchi 0.012 zinaniumiza. Nikifunga za nailoni je?

Fundi_Shingo: Hapana. Uso wa gitaa la chuma umejengwa kuhimili mvutano mkubwa, nailoni hazitautikisa vya kutosha. Kinyume chake ndiyo hatari kabisa, maana nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki zinaweza kung'oa daraja. Wewe funga seti ya 0.011, vidole vitapumua.

Besi_Nzito: Nimewaelewa, kwa upigaji huo OM linamfaa zaidi. Ila ndugu yangu, kabla hujalipa, mpe mwenzako ayapige yote mawili, wewe usimame hatua chache mbele yake. Tundu linatazama mbele, kwa hiyo anayelipakata gitaa hasikii kile anachosikia msikilizaji. Kisha imba juu yake, hapo hapo, kwa sauti yako ya kawaida.