Apatimenti yenye huduma Nairobi kwa siku nne: Kilimani au Westlands?

Mama wa Tanga

Habari zenu, ndugu. Mwezi wa saba mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tutakwenda Nairobi kwa siku nne, si kwa kazi wala matibabu, bali kuutembea mji tu. Hoteli ingetulazimu kuchukua vyumba viwili na kula nje kila mlo, kwa hiyo tumependelea apatimenti yenye jiko na mtu wa kufanya usafi. Nimeona kadhaa zinazopendeza mno pichani, nyingine zikiwa na bwawa la kuogelea juu ya paa. Hata hivyo nina wasiwasi, maana safari moja, katika mji mwingine, tulifikia nyumba nzuri kama hizo tukaishia kuoga kwa ndoo siku tatu. Tukae mtaa upi, na tuulize nini kabla ya kulipa?

Mkazi wa Kilimani

Karibu sana, dada. Ikiwa watoto wanataka kuwalisha twiga kule Lang'ata na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, Kilimani itawafaa, kwa kuwa mtakuwa karibu na upande huo. Westlands iko jirani na Makumbusho ya Taifa, na ile barabara ya juu ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo, inaishia huko, jambo linalorahisisha safari ya uwanja wa ndege.

Kuhusu maji, hofu yako ni ya haki. Hapa maji ya jiji huja kwa zamu, hivyo jengo lisilo na kisima chake wala matangi makubwa litawatesa hata likiwa na marumaru kila ukuta. Uliza pia kama jenereta inafikisha stima ndani ya nyumba, kwa sababu katika baadhi ya majengo huendesha lifti na taa za ngazi tu, na ni nani anayenunua tokeni zikiisha usiku. Mwisho, uliza kuna nini jirani: Kilimani inajengwa kila kona, na baa nyingine hupiga muziki hadi alfajiri. Omba ghorofa ya juu, upande usiotazama barabara.

Mwalimu wa Likoni

Dada, sisi wa pwani husahau baridi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai ndiyo baridi yenyewe. Bwawa la juu ya paa watoto watalitazama tu. Madirisha makubwa na sakafu ya vigae hupendeza, lakini usiku utatafuta blanketi la pili, kwa hiyo uliza kama lipo. Jiko nalo lisikudanganye. Niliwahi kufikia nyumba yenye jiko linalong'aa kama kioo, ila ndani mlikuwa na sufuria moja ndogo na kisu kisichokata nyanya, wala mwiko haukuwepo, nikalazimika kununua vyombo ili wanangu wale ugali. Omba picha ya kabati likiwa wazi.

Mama wa Tanga

Nawashukuru sana. Tumechagua Kilimani, na leo nimemwandikia mwenye nyumba maswali yote. Amejibu kwamba kisima kipo na blanketi ataongeza, na picha ya kabati ameituma, ila kuhusu jenereta amenyamaza. Nitamsubiri hadi Ijumaa kabla ya kutuma malipo.